Jedwali la vifo halitakuonyesha kazi iko wapi

Wadogo zangu mnaoripoti kituo cha afya kutoa chanjo mwaka huu, mtaonyeshwa jedwali la vifo. Homa ya ini B, mwaka 2022: milioni 1.1 duniani. Surua, 2023: takriban 107,500, wengi watoto chini ya miaka 5. Kichaa cha mbwa: takriban 59,000 kwa mwaka. Polio: karibu na sifuri. Ukishalisoma utadhani umejua pa kuweka nguvu. Mimi nilidhani hivyo.

Kilichonifumbua macho ni kichupa cha chanjo ya surua-rubela. Kina dozi 10, na kikishachanganywa kinadumu saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa. Siku moja alikuja mama na mtoto wa miezi 9, peke yake. Nikamwambia arudi Alhamisi watoto wawe wengi, nisipoteze dozi 9. Hakurudi. Nilikutana naye tena miezi kadhaa baadaye, mtoto ana vipele mwili mzima na macho mekundu. Alipona, namshukuru Mungu, ila aibu ile ninayo mpaka leo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unasema ufungue hata kwa mtoto mmoja. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana tunahitaji watu 95 katika kila 100 wawe nayo. Hao 5 tunaoruhusiwa kuwakosa wanajaa haraka kwa "rudi Alhamisi".

Homa ya ini B ni kinyume: inaua taratibu, lakini nafasi ya kuizuia ni fupi mno. Wanaoambukizwa wakiwa wachanga, 9 katika 10 hubaki nayo maisha; watu wazima hawafiki 5 katika 100. Ini huja kuharibika ukubwani, wakati hakuna tena anayeikumbuka wodi ya wazazi. Dozi ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Ile ya wiki ya 6 haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa wakati mama anajifungua. Mwaka 2022 Kanda ya Afrika ya WHO ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya, na dozi hiyo ya kuzaliwa iliwafikia asilimia 18 tu ya watoto. Ukipangiwa wodi ya wazazi, usinung'unike kwamba umetolewa kwenye chanjo.

Sifuri ya polio nayo isikulaze. Anayepooza ni mmoja hivi katika 200 walioambukizwa, wengine wanavisambaza virusi kimya kimya. Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili (isiyotokana na virusi vya chanjo) mwaka 2020. Malawi ikatangaza mgonjwa 2022. Mtoto akilegea mguu ghafla, chukua sampuli mbili za choo, zipishane saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee.

Na kichaa cha mbwa? Hapo wa kuchanjwa kwanza ni mbwa, 70 katika kila 100. Namba ya afisa mifugo wa kata iwe kwenye simu yako.