Upanga wenye taji ulikuwa wa nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Leicester, Uingereza. Bibi niliyemhudumia miaka minne amefariki, na wanawe wamenipa upanga wa afisa wa jeshi ambao mama yao aliununua mnadani zamani. Kwenye bapa kuna taji dogo lenye vitufe vinne, chini yake herufi H. Karibu na mpini pameandikwa Henry Wilkinson, Pall Mall, London. Umeshika kutu, nataka kuupiga msasa. Je, mwenyewe anaweza kujulikana?
M. S., Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza huo msasa urudishe ulikoutoa. Michoro hiyo haikuchongwa kwa patasi, ililiwa na tindikali, na ni ya juujuu mno. Nilipokuwa kijana nilisugua jambia la babu ili ling'ae kwa Idi. Liling'aa kweli, na jina la mfuaji likaondoka pamoja na kutu. Hadi leo naumia. Paka mafuta ya cherehani, yaache yalale usiku kucha, kisha futa kwa kitambaa laini. Bapa usilishike kwa vidole vitupu, jasho ni kutu ya kesho.

Sasa taji. Waingereza wana ngazi tano za mabwana wa kurithi, kila moja na taji lake. Vitufe vinne ni Baroni, ngazi ya chini (taji lenyewe lina sita, mchoraji huonyesha vya mbele tu). Kwa hiyo usimtafute Henry wala Harold: bwana wa namna hiyo hutia sahihi kwa jina la cheo peke yake. Delamere, yule mlowezi Mwingereza anayejulikana Kenya, aliitwa Hugh Cholmondeley, lakini tangu arithi ubaroni mwaka 1887 alikuwa Delamere basi. Upanga wake ungeandikwa D. Wewe tafuta mabaroni ambao cheo chao kinaanza na H.

Maafisa walijinunulia panga wenyewe, ndiyo maana waliweka alama zao. Wengi walinunua hata vyeo vya jeshi, mpaka mtindo huo ulipofutwa 1871.

Jibu lenyewe huenda liko mgongoni mwa upanga, jirani na mpini. Uinamishe, umulike kwa tochi. Wilkinson, yaani watengenezaji wa upanga wako, hao hao waliokuja kutengeneza nyembe, walianza kupiga namba kwenye panga zao bora mwaka 1854, na daftari la kiwanda lipo hadi leo. Namba hutoa tarehe, mara nyingi na jina la mnunuzi. Ukiiona, niandikie hiyo namba kabla hujagusa kingine.