Kabla ya Kufumua, Muulize Aliyesuka

Mimi ni mmoja wa watunzaji wawili wa maktaba ndogo ya programu huria (kifurushi kilicho wazi kwa wote, ambacho programu nyingine hukitumia) inayogeuza saa na tarehe za kompyuta kuwa maneno ya Kiswahili. Ukiipa 07:00 inakurudishia "saa moja asubuhi". Ni kazi ndogo, lakini imetumiwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia: wenye mifumo ya tiketi, zahanati zinazokumbusha akina mama siku ya kliniki, hata mtu mmoja mwenye programu ya ratiba za redio. Hatulipwi. Maombi ya mabadiliko, yaani marekebisho ambayo watu hutuletea tuyaingize, nayapitia usiku, watoto wakishalala.

Siku moja kijana mmoja akaleta ombi lenye kichwa "Usafi". Faili 31. Alikuwa amefumua karibu maktaba yote na kuisuka upya. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu (nasema msimbo, maana nikisema kodi utadhani naleta habari za TRA) ulipendeza kuusoma. Fankisheni tatu zilizofanana (fankisheni ni kipande cha msimbo chenye kazi yake) zilikuwa zimegeuka moja, vijimstari vya ajabu ajabu vilikuwa vimetoweka, na testi zote, vile vijiprogramu vya kukagua kama msimbo unajibu sawasawa, zilikuwa kijani, yaani zimepita. Nikasoma kama dakika arobaini, nikaandika "safi sana kaka", nikaliunganisha na maktaba, nikaenda kulala.

Keshokutwa yake mwenye mfumo mmoja wa tiketi za mabasi akanitumia picha ya ujumbe uliomfikia abiria: "Fika kituoni Mbezi saa 0 asubuhi."

Aliyewahi kusafiri kwenda mkoani anajua kwamba basi nyingi za alfajiri huondoka Dar saa kumi na mbili. Kati ya saa zote ishirini na nne, tulikuwa tumeharibu ile inayohitajika kuliko zote.

Ngoja nieleze ilivyotokea, kwa sababu ushauri wangu wote umetoka humo. Kupata saa ya Kiswahili unachukua saa ya kompyuta, unaongeza 6, unagawa kwa 12, unabaki na kile kinachobaki. Saa 13 inakuwa 19, ukigawa kwa 12 linabaki 7: saa saba mchana. Vizuri. Ila 6 ukiiongeza 6 unapata 12, na ukigawa kwa 12 hakibaki kitu. Kwa hiyo msimbo wa zamani ulikuwa na mstari mmoja mbaya wa sura: ikiwa jibu ni 0, rudisha 12. Pembeni yake kulikuwa na fankisheni nyingine inayoongeza 3, ya kutoka saa za dunia kuja saa za Afrika Mashariki, ambayo kwa Kigali na Bujumbura huongeza 2. Kijana akaona fankisheni mbili zinazoongeza namba kwenye saa. Akaziunganisha kuwa moja inayopokea namba yoyote. Kwenye saa za dunia, 0 ni jibu halali kabisa, ni usiku wa manane. Mstari wa 12 ukaonekana ni takataka, ukafutwa.

Na ya tatu? Hiyo ilikuwa inaruka siku moja mbele kila ikifika jioni. Alidhani ni hitilafu ya kanda ya saa iliyosahaulika. Kumbe ndiyo iliyokuwa inaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa tukio la Alhamisi saa mbili usiku. Alikuwa amekulia nje, Kiswahili anakijua, lakini saa anasoma kwa Kizungu. Simlaumu hata kidogo. Aliyekuwa na funguo za kuunganisha ni mimi, na mimi ndiye niliyeijua ile mistari ilikotoka.

Basi jambo la kwanza ninalofanya sasa, ombi la namna hii likija, ni kusoma mistari myekundu, iliyofutwa, kabla ya ile ya kijani, iliyoongezwa. Sote tuna ugonjwa wa kutazama kipya. Kipya kinang'aa, kina majina mazuri, kinakushawishi. Lakini anayepanga upya msimbo ameahidi kwamba nje hakuna kitakachobadilika, na ahadi hiyo haiwezi kuthibitishwa kwa kutazama kilichoongezwa peke yake. Kila mstari uliofutwa nauuliza: ulikuwa unazuia nini? Nisipopata jibu mwenyewe, namuuliza git, chombo kinachotunza historia ya msimbo. Amri ya `git log -S` ukiipa kipande cha maandishi inakuonyesha komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa pamoja na ujumbe wake) zilizokiingiza na kukitoa. Mara nyingi utakuta ujumbe wa miaka mitatu nyuma unaosema mtu fulani alilalamika jambo fulani, na hapo ndipo ule ubaya wa sura unapoeleweka. Mara nyingine utakuta ujumbe unaosema "marekebisho", basi. Hapo ni kumtafuta aliyeandika na kumwuliza. Nami ni mmoja wa walioandika "marekebisho" mara nyingi mno.

Kuna kisa kikubwa zaidi cha aina hii ambacho kila mkaguzi angepaswa kukijua. Mwaka 2006, kwenye mradi wa Debian, mfumo huria wa kompyuta wa jamii ya Linux, watumiaji walilalamika kwamba chombo cha kuchunguza kumbukumbu, Valgrind, kinapiga kelele kila programu inayotumia OpenSSL, maktaba ya kuficha mawasiliano kwa funguo za siri, inapokaguliwa. Kelele zilitoka kwenye faili linalotengeneza namba za bahati nasibu, ambazo ndizo funguo hutengenezwa kwazo. Mistari miwili iliyofanana neno kwa neno ilionekana ndiyo chanzo. Mtunzaji wa kifurushi hakukurupuka: aliuliza kwanza kwenye orodha ya barua pepe ya wasanidi wa OpenSSL, na hakupata pingamizi. Akaiondoa yote miwili. Mmoja wa mistari ile kweli haukuwa na madhara ukiondoka, na wenye OpenSSL walikuwa wameshauwekea alama kwamba zana za uchunguzi huulalamikia. Wa pili ndio uliokuwa unamimina ile bahati nasibu yenyewe. Ulipotoka, kitu pekee kilichobaki cha kutofautisha funguo moja na nyingine kilikuwa namba ya mchakato, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, nayo kwenye Linux ya wakati ule kwa kawaida haikuzidi 32,768. Yaani kwa aina moja ya funguo na ukubwa mmoja, mtu angeweza kuzitengeneza zote na kuzijaribu moja moja. Hali ikadumu kwenye Debian na Ubuntu hadi tangazo la Mei 13, 2008, baada ya Luciano Bello kuligundua tatizo. Watu dunia nzima wakaanza kutupa funguo zao za SSH, za kuingilia kompyuta za mbali, na kutengeneza nyingine.

Kinachonishika hapo ni kule kufanana kwa mistari. Kufanana ndiko kunakotuponza. Mtu akikuletea ombi linalosema "nimeondoa marudio", usishangilie kwanza. Vitu viwili vinaweza kufanana leo kwa bahati tu, na kesho kila kimoja kikaenda njia yake. Ninachouliza ni hiki: siku hiki kikibadilika, na kile ni lazima kibadilike? Kanda ya saa ikibadilishwa na serikali, namna ya kuhesabu saa ya Kiswahili haibadiliki. Kwa hiyo hayo hayakuwa marudio, ingawa macho yalisema ndiyo.

Sasa testi. Nilisema zote zilikuwa kijani. Zilikuwa kijani kwa sababu kijana alizisuka upya pamoja na msimbo. Testi iliyokuwa inakagua saa kumi na mbili ilikuwa inaita fankisheni kwa jina la zamani, jina likafa, na testi ikafa nalo. Ilikuwa humo humo kwenye faili 31, nami niliipita. Siku hizi ombi la kupanga upya likija, hiyo mistari myekundu naanza kuisoma kwenye faili za testi. Zikiwa zimeguswa zaidi ya kubadilishwa jina, narudisha ombi kwa upole: tuletee kwanza testi peke yake, zikimbie kwenye msimbo wa zamani, zipite, ndipo ulete kufumua. Inaonekana ni usumbufu, lakini inaokoa ubishi mwingi, kwa sababu badala ya kubishana kama kitu kimebadilika tunakiendesha na kuona. Kwa maktaba yetu tuliandika testi ya saa zote 24 na siku zote saba. Ni visa 168 tu, kompyuta inavimaliza kabla hujapepesa. Aibu yangu ni kwamba tulikaa miaka bila kuwa nayo.

Jambo jingine ni ukubwa. Faili 31 hazikaguliki na binadamu mmoja usiku mmoja, na anayesema anaweza anajidanganya. Omba zigawanywe. Kwenye Linux, mwongozo wa kutuma mabadiliko unasema wazi kwamba ukihamisha msimbo kutoka faili moja kwenda jingine, usiuguse hata kidogo katika komiti hiyo hiyo. Ni sheria nzuri sana na nimeikopa bila haya. Hamisha leo, badilisha kesho. Ukifanya hivyo, mkaguzi anatumia `git diff --color-moved`, iliyokuja na Git 2.15 mwaka 2017, na kila kilichohamishwa bila kuguswa kinaonekana kwa rangi yake. Macho yako yanabaki kwa vile vilivyobadilika kweli. Ongeza `-w` ili nafasi tupu zisikusumbue, ila siyo kwenye lugha ya programu ya Python, ambako nafasi ni sehemu ya maana.

Halafu kuna majirani. Hili wakaguzi wengi hawaliwazi. Kabla ya kuunganisha ombi kubwa, hesabu maombi mengine yaliyo wazi. Siku ile tulikuwa na manne, moja likiwa la dada mmoja aliyekuwa ameongeza miezi ya Kiislamu, kazi ya wiki tatu. Nilipobonyeza kuunganisha, ombi lake likajaa migongano kila faili: mistari aliyoigusa yeye ilikuwa imeshabadilishwa na ombi jingine. Hakulalamika. Hakurudi pia. Sasa napokea kwanza ya wengine, au namwambia mwenye kufumua asubiri, na nikishaamua tarehe natangaza. Msimbo haukimbii, watu ndio huondoka.

Majina ya nje nayo yana wenyewe. Ukibadilisha jina la fankisheni inayoitwa na programu za watu, wao ndio watakaoamka saa nane za usiku. Acha jina la zamani liendelee kuita jipya, weka onyo, liondoe kwenye toleo kubwa lijalo. Ya ndani badilisheni mnavyotaka.

Kuhusu mitindo ya kuandika, nafasi ngapi, mabano yakae wapi, sina la kusema. Wekeni chombo kifanye hiyo kazi. Komiti ya kupanga nafasi tupu iandikwe kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs` ili `git blame`, amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, ikielekezwa huko iiruke, na mjadala uishe.

Linalobaki ni namna ya kuzungumza na mwenye ombi. Huyu amekaa wikiendi nzima kwenye nyumba yako, amefagia, amepanga vyombo. Ukimwambia "hii sivyo" utakuwa umemfukuza. Mimi huanza kwa swali, na liwe swali la kweli: "Naomba kuuliza, 06:00 inarudisha nini sasa?" Mara nyingi anajaribu, anaona mwenyewe, anarekebisha kabla sijasema lolote. Lakini usimkawize. Yule kijana aliwahi kuniandikia, "Kaka, wiki mbili kimya, nimekosea wapi?" na sikuwa hata nimefungua. Kimya kinaumiza kuliko kukataliwa. Na kukataa ni halali. Kama mradi hauna mtu wa kuelewa msimbo mpya siku mwenyewe akiondoka, sema hivyo, kwa adabu, na utaje kipande kidogo ambacho mngekipokea.

Ile komiti ya "Usafi" hatukuitupa yote. Tuliirudisha nyuma, kijana akaigawa vipande tisa, tukapokea saba. Fankisheni za kuongeza 3 na kuongeza 6 zikabaki mbalimbali, kila moja na jina linalosema kazi yake. Kosa langu la zamani, la kuacha mstari wa ajabu bila neno hata moja, nikalirekebisha papo hapo. Ukifungua faili leo, juu ya mstari unaorudisha 12 utakuta maoni, ameandika kijana mwenyewe: "Basi la Mbezi huondoka saa hii. Usifute."