Kabla Hujanunua Pampu Nyingine ya Mafuta

Msomaji ameniandikia kuwa gari lake limekula pampu mbili za mafuta ndani ya mwaka mmoja, na ya tatu imeanza kulia. Fundi anamtaka alete nyingine. Namwambia asinunue kitu bado. Pampu inayokufa upesi hivyo ina kinachoiua, na mara nyingi kinachoiua kimebaki tangini au kwenye waya.

Kile kinachotolewa chini ya kiti cha nyuma si pampu tupu. Juu kuna kifuniko chenye plagi ya waya na bomba la kutolea mafuta. Springi hukandamiza kikombe cha plastiki kikae chini kabisa tangini, na pampu imesimama ndani ya kikombe hicho. Pembeni lipo boya la geji. Mdomoni mwa pampu kuna chujio laini kama soksi, na kwenye magari mengi rejuleta ya presha (kidhibiti cha presha ya mafuta) imo humohumo.

Wengi hukidharau kikombe, nao wanakosea. Gari likikata kona na mafuta ni machache, mafuta yote hukimbilia upande mmoja. Kikombe hubaki kimejaa kwa sababu sehemu ya mafuta yanayosukumwa hupitishwa kwenye tundu jembamba, na kasi yake huvuta mengine kutoka tangini.

Sasa shika hili: mafuta hupita katikati ya mota, yakigusa koili na brashi zake, na ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Dereva anayetembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku anaipikia pampu yake polepole. Usishuke chini ya robo tangi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu ni tabia isiyogharimu kitu.

Soksi ikiziba, pampu hunyonya kwa nguvu, mapovu hutokea ndani yake, na ule mlio mwembamba huanza. Ipasue soksi ya zamani kwa wembe, uifungue juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mwekundu, hiyo ni kutu, na maji yameshaingia tangini. Kufunga pampu mpya bila kusafisha tangi hilo ni kuitupa.

Halafu waya. Tazama plagi: pini iliyobadilika rangi kuwa kahawia au plastiki iliyoyeyuka maana yake umeme unapita kwa shida. Pima volti kwenye plagi pampu ikiwa inafanya kazi, kisha pima kwenye betri. Betri ikisoma 13.8 na plagi 11, tafuta pini, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au waya wa bodi, yaani wa hasi, uliolegea. Angalizo: baadhi ya magari hupunguza umeme wa pampu kwa makusudi injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa hiyo soma kitabu cha gari.

Mwisho pima presha ya mafuta. Injini nyingi za nozeli zinazopuliza mafuta kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) hutaka kama ba (bar, kipimo cha presha) 3 hadi 4, ila kitabu ndicho chenye neno. Kama asubuhi injini huzungushwa sana ndipo iwake, fungua swichi mara mbili tatu bila kupiga stata, ukiipa pampu sekunde 2 au 3 kila mara. Ikiwaka mara moja, presha ilikuwa inashuka usiku: shuku vali ya kuzuia mafuta yasirudi, rejuleta, au nozeli inayovuja.

Ikithibitika pampu imekufa, toa fyuzi yake, washa injini hadi izime yenyewe, ondoa waya hasi wa betri. Puliza vumbi lote kuzunguka kifuniko kabla ya kufungua. Ringi inayokaza kifuniko igonge kwa kipande cha shaba au mti, kamwe si bisibisi ya chuma. Toa kifaa kwa kukiinamisha, mkono wa boya usipinde, la sivyo geji itadanganya. Futa chini ya tangi, weka soksi na oringi (mpira wa kuziba kifuniko) mpya, na usiijaribu pampu ikiwa kavu hata kwa sekunde chache. Rudisha waya na fyuzi, fungua swichi mara kadhaa, upitishe kidole kuzunguka kifuniko. Kikitoka kikavu, rudisha kiti.