Hela za Mtoto Safarini: Mpe, Halafu Nyamaza

Juni 2022 tulikwenda Unguja familia nzima kwa mara ya kwanza. Siku nne. Nilikuwa nimepanga nauli ya boti, chumba, chakula, gari la kutupeleka Nungwi, hadi dawa za tumbo. Ambalo sikulipanga ni hili: wanangu watatu wakisimama mbele ya duka la vinyago, mimi nitasema nini?

Nikawa nasema "tutaona". Kwangu "tutaona" ilikuwa "hapana" ya upole. Kwao ilikuwa "ndiyo, ila ongeza kelele kidogo". Na mtaa wa Gizenga pale Mji Mkongwe haukupi nafasi ya kupumua. Duka limeegemea duka, kila mlango una bangili, vikoi, ngalawa za mbao na picha za rangi kali, na kila muuzaji anakukaribisha kwa sauti tamu: "Karibu mama, kuangalia bure." Kuangalia kweli ni bure. Nililipia vilio.

Siku ya nne, tukiwa kwenye boti ya kurudi, nikatoa simu na kuanza kujumlisha. Sh187,000, na hapo nimeacha pipi. Nikatazama mfuko wa vitu vyenyewe nikashindwa kutaja hata kimoja ambacho mtoto alikipenda. Vingi nilivinunua ili mtu anyamaze. Jahazi la mbao la Sh45,000, ambalo kifungua mimba wangu alilililia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, lilivunjika mlingoti kabla hatujaipita Chumbe, maana mdogo wake alilikalia. Hakuna aliyesikitika zaidi yangu.

Desemba 2024 tulirudi. Safari hii kijana alikuwa na miaka 13, binti wa katikati 9, kitinda mimba 6. Wiki moja kabla ya kuondoka nikawaita mezani, nikaweka bahasha tatu, kila moja na jina lake. Nikawaambia: hii ni hela yako ya kununulia unachotaka Unguja. Ni yako. Ikiisha, imeisha. Ikibaki, inabaki kuwa yako, hutairudisha kwangu.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Mtoto akijua kinachobaki kinarudi kwa mama, atakimaliza hata kwa kununua mawe. Akijua ni chake, ghafla anaanza kuuliza bei.

Kiasi nilikipataje? Nilimpigia shoga yangu anayeishi huko, nikamuuliza bei za siku hizi: kikuku cha shanga, kofia ya ukili, picha ndogo ya tingatinga, kile kikapu kidogo cha viungo. Kisha nikajiwekea kipimo: kila mtoto aweze kununua kitu kimoja cha maana na viwili vidogo, basi. Ikawa Sh30,000 kwa mkubwa, 20,000 kwa wa katikati na 10,000 kwa mdogo. Jumla 60,000, yaani kama theluthi ya ile hasara ya mwanzo. Baba yao bado aliona nyingi. Nikamwonyesha ile hesabu ya boti, ambayo sijaifuta kwenye simu mpaka leo.

Kwako kiasi kinaweza kuwa 5,000 kwa kila mtoto, au 2,000 za kutumia njiani kwenda kijijini, pale basi linaposimama Muheza na machungwa yanapanda hadi dirishani. Ila kipange kabla ya safari, ukiwa nyumbani, tumbo limeshiba na hakuna muuzaji mbele yako.

Namna ya kuziweka hizo noti nayo ina maana. Mdogo nilimpa buku kumi, noti kumi za elfu moja, si msimbazi mmoja. Kwa mtoto wa miaka sita noti ya elfu kumi ni karatasi moja tu, akiitoa imeondoka yote na anarudishiwa karatasi nyingi, kwa hiyo anahisi ametajirika. Noti kumi anaziona zikipungua. Alikuwa anazipanga kitandani kila jioni kama mwenye duka anayefunga hesabu. Bahasha yake nilibeba mimi, lakini aliyekuwa anaifungua ni yeye.

Tukakubaliana pia nini hakitoki kwenye bahasha. Chakula ni juu ya wazazi. Viingilio ni juu ya wazazi, na boti ya kwenda Changuu kuwaona wale kobe wakubwa. Pale Forodhani jioni, sahani ya kila mtu na glasi moja ya juisi ya miwa ni juu yetu, ya pili ni juu ya bahasha. Utashangaa kiu inavyoisha.

Halafu siku ya kwanza hakuna kununua. Kutembea tu, kuangalia, kuuliza bei, kushika, kurudisha. Hili nililiweka kwa sababu moja: vitu vya Mji Mkongwe vinafanana duka hadi duka. Kile kishikio cha funguo cha umbo la mlango wa Kizanzibari ambacho mtoto anadhani ni kimoja tu duniani, atakikuta tena baada ya hatua ishirini, na pengine kwa bei pungufu. Mkubwa alikuja na daftari, akaandika. Siku ya tatu alikuwa anajua bei za Gizenga kuliko mimi.

Sasa ugumu wenyewe. Kutoa hela kulikuwa kazi nyepesi. Kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.

Mkubwa alichagua picha ya tingatinga, twiga wawili chini ya mbuyu. Nilitaka kupiga kelele. Mtindo huu umeanzia kwetu Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora jijini mwaka 1968, rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao, akafariki 1972, na waliofuata nyayo zake wapo mpaka leo Oysterbay pale Morogoro Stores. Kutoka nyumbani kwetu ni bajaji tu! Tumevuka bahari kuja kununua kitu cha jirani. Maneno yalifika kooni. Nikayameza. Yule kijana akamwamkia mzee aliyekuwa akiuza, wakapatana kwa dakika kumi nzima, akaombwa 25,000 akalipa 18,000. Alitoka pale anatembea kama aliyenunua kiwanja. Picha iko juu ya kitanda chake, na mgeni akiingia chumbani lazima asimuliwe jinsi mzee alivyokataa 15,000.

Kitinda mimba alinunua gari la plastiki, Darajani. Kariakoo yamejaa. Tairi moja lilitoka usiku uleule. Aliniangalia, nami nikamwangalia. "Mama, lile la bibi wa jana lilikuwa zuri zaidi," akasema. Sikuongeza neno, na nakuomba nawe usiongeze. Ile "si nilikwambia" inamfanya aache kufikiria gari na aanze kukufikiria wewe.

Binti ndiye aliyenipima. Hela zake zilikwisha siku ya pili: bangili, kofia, bangili nyingine. Siku ya tatu akaona kijipochi cha kitenge. "Mama nikopeshe, nitakulipa nyumbani." Nikakataa kwa upole. Akalia, nikamshika mkono tukaendelea kutembea. Jioni nakuta kijipochi kiko begani. Baba yake alikuwa amempa 5,000 kwa siri, eti huruma. Kwa hiyo hili liweke mwanzo kabisa wa orodha yako, kabla hata ya kuwaita watoto: mkae wawili, mkubaliane, na kama safari ina shangazi au babu, nao waambiwe. Mkopo wa baba ukitokea mara moja, bahasha zote tatu zimekufa. Wale wengine wawili waliuliza swali la haki kabisa: "Kwa nini sisi tulibana?" Baba akabaki anakohoa.

Kusema hela ni yao hakumaanishi wanunue chochote kile. Nina makatazo machache, na niliyataja tukiwa nyumbani. Sikusubiri tufike mbele ya muuzaji. La kwanza ni vitu vya baharini vilivyokuwa hai: makombe makubwa, matumbawe, bangili za gamba la kasa ng'amba. Vijana wa ufukweni huyatembeza yale makombe yanayopulizwa kama baragumu, na mtoto akiweka moja sikioni amekwisha. Niliwaeleza kwamba konokono mwenye kombe lile hula aina ya kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) chenye miiba kinachotafuna matumbawe, kwa hiyo kila kombe linaloishia kabatini kwa mtu ni mlinzi mmoja ametolewa baharini. Walielewa haraka kuliko watu wazima. Na wewe unayekuja likizo kutoka Ulaya au Ghuba, jua kwamba kasa na matumbawe vimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES. Unaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege, na pengine kuadhibiwa, mtoto akiwa pembeni anatazama.

La pili ni piko. Binti alitaka kuchorwa mikono. Hina nikakubali, piko nikakataa. Hina ya asili huacha rangi ya chungwa hadi kahawia na huchukua muda kukolea. Ile nyeusi tii inayokauka upesi mara nyingi ina rangi ya nywele ndani yake, na inaweza kuunguza ngozi ya mtoto na kuacha malengelenge. Muulize mchoraji, na akikwambia "ni hina nyeusi ya asili", mshukuru uondoke.

Mengine ni madogo: visu na majambia ya mapambo hapana, chupa za mafuta hapana kwa mtoto chini ya miaka kumi, na kila mtu anabeba alichonunua. Hilo la kubeba limeokoa hela nyingi kuliko hotuba zangu zote.

Kuna jambo ambalo ushauri wa wenzetu wa nje huwa hauligusi, nalo kwetu ni kubwa. Mtoto wa Kiswahili hasafiri peke yake. Nyuma kuna bibi, kuna jirani aliyebaki na funguo, kuna dada wa nyumbani, kuna wenzake darasani, na wote wana swali moja: "Umetuletea nini?" Ukimwachia mtoto mzigo huo kwenye bahasha yake, hanunui chochote cha kwake. Ukimwondolea kabisa, unamlea mtu anayerudi safari mikono mitupu. Nikaweka bahasha ya nne, ya nyumbani, Sh80,000. Hiyo ni yetu sote, na watoto wanachagua pamoja nasi. Iliki, mdalasini na karafuu kwa majirani, maana ni vyepesi na havivunjiki. Haluwa kwa wazee. Kanga kwa bibi.

Kwenye kanga uwe macho. Wa katikati alimchagulia bibi yake mzaa baba kanga nzuri mno, zambarau na nyeupe, mimi nikiwa naangalia rangi tu. Ni muuzaji aliyeniuliza kwa adabu, "Hii ya nani, dada?" Nikasema ya mama mkwe. Akacheka, akanigeuzia pindo nisome: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Hebu fikiria mimi mkamwana napeleka hiyo Tanga! Tukabadilisha haraka, tukachukua "Nani kama mama". Tangu siku hiyo mtoto wangu anasoma kanga kabla ya kuangalia rangi, hata zile walizovaa watu kwenye daladala, tena kwa sauti.

Wenzake darasani nilimwachia mkubwa mwenyewe. Alitaka kuwanunulia marafiki wanane. Akapiga hesabu kwenye daftari lake, akaona baada ya picha amebaki na 12,000. Vikuku vinane kwa elfu moja moja, zimebaki 4,000, akanywa miwa ya pili. Wapo walioachwa, na najua Januari shuleni kulikuwa na nuno, lakini hiyo ni kesi yake.

Na hela za wajomba. Mtu akisikia watoto wanasafiri, anachomoa noti: "Mkanywe soda." Mjomba mmoja alimpa mkubwa 20,000 na wadogo hakuwapa kitu. Mwanzoni nilitaka zigawanywe, kisha nikaona nitamfundisha kuficha. Tukaamua hela ya namna hiyo ni yake lakini inakaa nyumbani mpaka turudi, ili safarini wote waende na kilichopangwa. Alinung'unika siku mbili. Sina uhakika kama niliamua vizuri hapo, na kama wewe una njia bora nitaisikiliza.

Likizo ijayo tunakwenda Arusha. Mkubwa ameshaniletea hoja kwamba 30,000 ilikuwa ya mwaka juzi, vitu vimepanda, na shanga za Kimasai si bei ya ukili. Anataka 45,000. Nimemwambia alete bei kwa maandishi, zikiwa na jina la aliyemtajia. Jana usiku nimemsikia chumbani anaongea na binamu yake wa Arusha kwa simu ya baba yake, anauliza mkanda wa shanga unauzwaje. Salio ni la baba.