Futingi ya ukuta kwenye Revit inagoma kushuka, nifanyeje?

Swali: Nachora nyumba ya tofali kwenye Revit (programu ya kuchora majengo), nimeweka futingi, yaani zege la msingi, chini ya kuta zote ila kwenye plani sizioni, kwenye 3D zipo lakini zimeganda palepale chini ya leveli ya sakafu, nikizivuta zishuke zinagoma. Halafu kiwanja chenyewe kina mteremko. Naomba msaada.

Jibu: Ndugu, usizifute, ziko sawa. Wall Foundation ya Revit, ndo hiyo futingi, haina kina chake yenyewe, inashikilia kitako cha ukuta, ukuta ukishuka nayo inashuka, ukuta ukihama inahama nao, ndo maana ukiivuta peke yake haikubali. Kwa hiyo achana na futingi, karekebishe ukuta.

Ila hapa ndo pana mtego. Wengi wakishajua hivo wanachukua ukuta uleule wa juu, wenye plasta na rangi, wanaushusha mpaka kwenye mtaro wa msingi, na kwa macho unaona safi kabisa, lakini siku ya kutoa hesabu ya vifaa utakuta plasta na rangi vimehesabiwa hadi ndani ya udongo, na ukikata sekshen (mchoro wa jengo likiwa limekatwa wima) unampa fundi mchoro wa ukuta uliopakwa rangi chini ya ardhi. Chora kuta mbili. Ukuta wa juu unaanzia kwenye sakafu, na chini yake unaweka ukuta wa msingi wenye aina yake, tofali tupu au zege, bila plasta, alafu futingi unaibandika kwenye huo wa msingi. Hapo hata milango haikusumbui, maana mlango ukigusa kitako cha ukuta wenye futingi, futingi inaweza kukatika pale mlangoni.

Kina sasa. Chukulia juu ya sakafu ni 0 na zege la sakafu lina unene wa milimita 150, basi kichwa cha ukuta wa msingi kiko -150. Ukiandika Base Offset (umbali wa kitako cha ukuta kutoka leveli yake) -900, hiyo -900 ni uso wa JUU wa futingi, sio chini ya mtaro. Futingi ikiwa na unene wa 250 chini ya mtaro ni -1150. Ukiandika -1150 kwenye ukuta umeongeza 250 za kuchimba bure, nyumba nzima. Na upana na unene usiache zile namba zilizokuja na programu, hazijui udongo wako, chukua za injinia.

Kutoonekana kwenye plani ni jambo dogo, fungua View Range (inayopanga plani ionyeshe mpaka kina gani) ushushe Bottom na View Depth mpaka zipite chini ya futingi, -1500 kwa mfano huu inatosha. Kama sakafu bado inazifunika badilisha Discipline (fani) ya plani iwe Structural, zitatokea kwa mistari ya vipandevipande.

Mteremko ndo wa kukaa nao kwa utulivu. Futingi hailazwi ikafuata mteremko, inapanda kwa ngazi, kwa hiyo ukate ukuta wa msingi vipande kwa Split Element na kila kipande kipe Base Offset yake. Kimo cha ngazi kisizidi unene wa futingi, na ile ya juu lazima ilalie ya chini: mwongozo wa kanuni za ujenzi wa Uingereza unataka ilalie mara mbili ya kimo cha ngazi, au unene wa futingi, au milimita 300, unachukua iliyo kubwa kuliko zote. Kwa futingi yako ya 250 ukiweka ngazi ya 200, inalalia 400. Revit haitakufanyia hilo yenyewe, itaishia pale ukuta ulipoishia, kwa hiyo tengeneza nakala ya aina ya futingi uongeze namba kwenye Default End Extension Length (urefu ambao futingi inapita mwisho wa ukuta), alafu kata sekshen kwenye kila ngazi uangalie kama kweli zege limekutana, usiamini plani maana kwenye plani ngazi zote zinaonekana zimeungana hata kama kuna pengo.