Usisaini kabla mkono haujapona

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema mwenye daladala ile iliyopata ajali ukiwa abiria amekufuata hadi nyumbani Igoma na laki sita na karatasi, anataka usaini yaishe, nawe unaniuliza: "Baba, nichukue?" Hapa Nansio simu inakatika kila saa, na jambo lenyewe si la kumalizwa kwa ujumbe mfupi. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Usisaini. Ile picha ya karatasi uliyonitumia nimeikuza mpaka nikasoma mstari wa chini kabisa: "sina madai mengine yoyote, ya sasa wala ya baadaye." Anachonunua kwa hizo laki sita ni hilo neno "baadaye". Leo mkono wako bado umefungwa POP, ile plasta ngumu, na daktari mwenyewe hajaweza kukwambia kiwiko kitakunjika kiasi gani. Wewe ni fundi cherehani. Mkono wa kulia ndio unaoshika mkasi, ndio unaoelekeza kitambaa kwenye sindano. Hujajua ulichopoteza, utakipangiaje bei?

Kuna jambo sijawahi kukusimulia vizuri. Bega la mama yako unalijua, lakini hujui liliishaje. Ulikuwa bado unanyonya. Lori lilirudi nyuma mwaloni bila utingo wa kulielekeza, likambana mama yako kwenye magunia ya dagaa. Siku ya nne mwenye lori alikuja na kilo mbili za sukari na shilingi laki moja na nusu, akaongea kwa upole, akamwita mama yako dada. Mimi, karani wa mahakama niliyeshinda nikipanga majalada ya madai ya watu, ndiye niliyezipokea fedha zile na kuzihesabu. Tulikuwa na deni la dawa. Mama yako akasaini. Miezi mitano baadaye ikaonekana mkono hauvuki usawa wa sikio, na mwenye lori akatutolea karatasi yetu wenyewe. Mpaka leo mama yako akitaka kuanika nguo anapanda kwenye kigoda. Kila nikikiona kile kigoda pale uani, roho inaniuma.

Sasa nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Kesi ya polisi dhidi ya dereva ni kitu kimoja, na fidia yako ni kitu kingine. Faini akitozwa inaingia serikalini, haikununulii hata kidonge. Lakini ifuatilie, kwa sababu dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile ni ushahidi mzito kwenye madai yako. Na usikubali kuambiwa "mdai dereva, mimi sikuwepo". Dereva alikuwa kazini kwa tajiri wake, kwa hiyo uzembe wake unamfikia tajiri. Tena umesema tairi la nyuma lilikuwa kipara mpaka nyuzi zinaonekana. Tairi si la dereva. Kama konda au abiria mwenzako alipiga picha, itafute leo, maana tairi hilo likishabadilishwa hutaliona tena.

Gari la abiria haliruhusiwi kutembea barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu, nawe abiria umo. Namba ya gari ukiiingiza kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, utaona kama bima ilikuwa hai siku ile na ni ya kampuni gani. Madai yapelekwe huko kwa maandishi, pamoja na nakala ya PF3 (ile fomu ya polisi uliyotibiwa nayo), ripoti ya polisi wa usalama barabarani na taarifa ya daktari. Kampuni ikikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ikishindikana, mahakama ipo. Madai ya uzembe wa namna hii yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Kwa hiyo anayekwambia "saini leo au ukose" anakudanganya. Ila usilale. Mashahidi huhama, na namba zao za simu hubadilika.

Niliona wengi wakishindwa huku wana haki, kwa sababu ya risiti tu. Gharama ulizolipa, dawa, nauli za kliniki, picha za eksirei, mahakama inataka zitajwe moja moja na zithibitishwe. Maumivu na ulemavu hakimu huvipima kwa busara yake, lakini shilingi iliyotoka mfukoni haikadirii. Weka hata kikaratasi cha bodaboda, mwandikishe na asaini. Na lile daftari lako la oda lenye jalada la bluu, lifungie sandukuni. Kurasa za Novemba na Desemba zina majina ya wazazi, vipimo vya watoto na malipo ya awali ya sare za shule. Hizo oda ulizorudisha ndizo kipato chako kilichopotea, na hakuna shahidi atakayezieleza vizuri kuliko daftari hilo.

Usiongeze chumvi. Kama ulikuwa umesimama hukushika bomba, sema hivyo hivyo. Na kama mwenye gari ana nia njema kweli, akulipie matibabu sasa kwa risiti, kwenye karatasi inayosema ni gharama za matibabu tu. Hiyo ipokee, na umshukuru.

Kuhusu wakili, wale wanaokusogelea kwenye korido za hospitali wakitaka nusu ya fidia, waepuke. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa. Tutakwenda wote kuuliza.

Ijumaa napanda kivuko cha asubuhi. Mwenye daladala akirudi kabla sijafika, mwambie baba anakuja, mazungumzo ni naye. Mama yako anauliza kama unaweza kuchana nywele mwenyewe. Mjibu yeye, usinijibu mimi.

Baba yako