Kutukanana kwenye gemu: je, matusi ya mzaha na ya jina bandia yaandikwa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Kisauni. Usiku baada ya Isha, mimi na wenzangu hucheza PUBG kwa simu, kila mtu yuko kwao, tunasikizana kwa maiki. Matusi huwa mengi, hata ya mama, lakini twachukulia ni mzaha, na majina tunayotumia si yetu. Juzi rafiki yangu alinitukania mama yangu, nikamrudishia zaidi. Sasa tukikutana msikitini hanipi salamu. Naomba kujua: gemu zenyewe ni haramu? Matusi kama haya yahesabiwa? Na watu wa mbali niliowatukana, ambao hata siwajui, nitubie vipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nitaanza na la gemu kwa sababu ndilo jepesi.

Asili ya michezo ni ruhusa mpaka ije dalili ya kuikataza. Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, naye akamsitiri Bi Aisha huku akiwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Kwa hivyo anayesema kila gemu ni haramu kwa kuwa tu ni gemu, mimi siko pamoja naye. Hutazamwa kilichomo. Hiyo PUBG yenu, mwaka 2020 iliingizwa sehemu ambamo mchezaji humpigisha magoti mtu wake mbele ya sanamu ili aongezewe nguvu. Waislamu wakalalamika, wenye gemu wakaomba radhi na kukiondoa kitendo hicho. Jambo la namna ile halina mjadala. Na gemu inayokupitisha swala ya Alfajiri, hukumu yake waijua bila kuniuliza.

Kuna la pesa pia. Hukuliuliza, lakini kwa kuwa wengine watasoma nitalitaja. Kwenye vibanda vya pleistesheni, vijana hukubaliana kwamba atakayefungwa ndiye atakayelipia wote wawili. Hiyo ni kamari, hata ikiwa ni shilingi ishirini, maana kila mmoja ameingia akiwa ama atafaidika kwa mali ya mwenzake ama atahasirika. Kila mtu alipe nusu yake, basi, mambo yamekwisha. Vile visanduku vya ndani ya gemu, unavyovinunua kwa pesa halisi bila kujua utatoa nini, navyo vina harufu hiyo hiyo. Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa sharia yetu, wasimamizi wa michezo ya kamari waliamua mwaka 2018 kwamba visanduku hivyo ni kamari. Wewe Muislamu unangoja nini?

Sasa tuje kwenye matusi, na hapa ndipo penye kazi.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi waliizungumzia sataranji, yaani chesi, zamani sana. Wakasema mchezo wenyewe ni makuruhu, lakini ukiambatana na kamari, au maneno machafu, au kuitoa swala nje ya wakati wake kwa kusudi, ushahidi wa mchezaji hukataliwa kwa sababu ya kile kilichoambatana nao. Tazama walivyoyaweka maneno machafu safu moja na kamari. Sisi twaikimbia kamari, au angalau tuna haya nayo, lakini mdomo tumeuachia. Mjukuu wangu mmoja alikuwa barazani na simu yake, vidude viko masikioni, hakujua kuwa nimesimama nyuma yake. Neno alilomwambia mtu asiyemjua hata mbuzi aliyekula nguo kambani haambiwi. Aliponiona akanishika mkono akaniamkia kwa adabu zote.

Wasema ni mzaha. Mtume (s.a.w.) alitania, ila hakusema isipokuwa kweli. Na watu wa mji huu utani wanaujua. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa zamani, alijibizana na Walamu kwa mafumbo mpaka leo mashairi yake yasomwa. Mwenye ufundi wa kumkata mwenzake kwa fumbo hana haja ya kumvua mama wa mtu nguo. Mzaha ni ule ambao mwenzako naye anacheka, na rafiki yako, kwa ulivyonieleza, hakucheka.

Wasema pia kwamba jina si lako. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratu Qaf kwamba mtu hatamki neno ila karibu yake yuko mwangalizi aliye tayari. Malaika huyo haangalii jina uliloandika juu ya skrini. Kuandika nako ni kusema, hilo wanazuoni wamelipitisha katika mambo mengi. Hata serikali ya Kenya, kwa sheria yake ya makosa ya mtandao ya 2018, haikubali jina bandia liwe udhuru wa kumsumbua mtu.

Matusi ya mama yana uzito wa peke yake. Abu Dhar (r.a.), sahaba mkubwa, aligombana na mtu akamwaibisha kwa mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia: "Umemwaibisha kwa mama yake? Hakika wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahiliya." Ameipokea Bukhari. Na katika hadithi ya Abdullah bin Amr, Mtume alisema kuwa katika madhambi makubwa kabisa ni mtu kuwalaani wazazi wake. Maswahaba wakastaajabu, mtu atawalaanije wazazi wake? Akawajibu kwamba humtukana baba wa mtu, naye akamtukania babake. Humtukana mama wa mtu, naye akamtukania mamake. Sikiza basi, mwanangu: ulipomrudishia rafiki yako zaidi, wamtetea mamako au wamuongezea matusi? Ilikuwa yatosha kuzima maiki.

Ama wale wa mbali. Haki ya Mwenyezi Mungu ni toba: uache, ujute, uazimie kutorudia. Haki ya mja ni kusamehewa naye, maana tusi lilimfikia. Akaunti yake ukiipata, mwandikie maneno mawili ya kuomba radhi. Huna haja ya kumkumbusha ulichosema. Akiwa hapatikani, muombee dua na uzidishe mema, kwani Mtume (s.a.w.) ametueleza kuhusu muflisi atakayekuja na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu na kumsingizia yule, wagawiwe mema yake mpaka yamalizike. Asiyekuwa Muislamu naye ana haki yake. Kutukana miungu ya watu tumekatazwa katika Suratul An'am, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na kutojua. Najua kwenye hizo gemu mwakutana na Wahindi na watu wa kila dini.

Mamako usimpelekee hayo maneno. Hakuyasikia, na ukimfikishia utawasha moto kati ya nyumba mbili. Muombee yeye, na mama wa rafiki yako pia, kwa sababu nawe ulimgusa.

Na rafiki yako, si halali Waislamu wawili kuhamana zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Mngoje pale kwenye viatu baada ya swala, mpe salamu, umwambie, "Ndugu yangu, nilikosea, nisamehe." Usianze na lile alilosema yeye. Akiitikia, mmeshirikiana katika ujira. Asipoitikia, dhambi ya kuhamana amebaki nayo yeye, wewe umeshatoka.

Wallahu aalam.